Kitakasa Mikono Kando ya Mashine ya Sukari: Tuliyojifunza kwa Mama

Mashine ndogo ya kupimia sukari nyumbani haijui tone la damu limepita juu ya nini kabla ya kulifikia. Kipande cha kupimia hulifyonza tone, kimeng'enya kilichopakwa ndani yake huikamata glukosi, yaani sukari ya kwenye damu, iliyomo, umeme mdogo sana huzalishwa, na mashine huugeuza umeme huo kuwa namba. Ikiwa sehemu ya glukosi hiyo ilikuwa imeshaganda juu ya ngozi kabla kidole hakijatobolewa, itahesabiwa pamoja na ile ya damu, na namba itakayotokea haitakuwa na dalili yoyote ya kwamba imechafuliwa. Sisi tulilifahamu jambo hili kupitia kwa mama yangu mzazi, ambaye ameishi na kisukari cha aina ya pili kwa miaka mingi na anachoma insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni. Naliandika kwa kirefu kwa sababu katika nyumba nyingi ninazoingia, naiona chupa ya kitakasa mikono imewekwa kando ya mashine ya sukari, na wenye nyumba wakiamini kwamba huo ndio usafi unaotakiwa.

Chupa ya kwetu iliingia mwaka 2020, wakati wa korona. Kabla ya hapo mama alikuwa akinawa uani kwa maji na sabuni ya kipande, akijifuta kwa kanga, kisha anapima. Korona ilipokuja akaambiwa kwamba mwenye kisukari akiugua huwa katika hatari kubwa kuliko mwingine, jambo ambalo ni kweli, akakishika kitakasa kwa imani ya dhati. Korona ikapungua, watu wakarudi kupeana mikono mjini Tanga kama zamani, lakini chupa ikabaki. Ikahamia kwenye kikapu kidogo cha ukili pamoja na mashine, kichupa cha vipande, sindano za kutobolea, pamba na daftari. Mama alipotaka kupima alipaka, akasugua, akatoboa, yote akiwa amekaa pale pale. Magoti yake yanamsumbua, na sina budi kukiri kwamba utaratibu usiomlazimu kuinuka ulikuwa na faida yake.

Daftari lake likaanza kuwa na sura mbili zisizofanana. Namba za alfajiri (mashine yetu huhesabu kwa milimoli kwa lita) zilikuwa za kupendeza: 6.1, 6.8, pengine 7.2. Za jioni zilikuwa za kutisha: 13, 15, mara nyingine zaidi. Hapa na pale, hasa alasiri, ilijitokeza namba ya chini isiyoeleweka, 3.9 au 4.2, ilhali mwenyewe hana jasho, hatetemeki wala hasikii njaa. Tulitafuta sababu kila mahali ambapo familia yoyote ingetafuta. Tulidhani anakula kwa siri, na hilo lilileta maneno ndani ya nyumba. Tulidhani insulini imeharibika kwa joto, tukaihamishia kwenye mtungi wa udongo wenye maji wakati umeme ulipokatika. Tulidhani vipande vimepata unyevu, na kwa mji wa pwani shaka hiyo haikuwa ya kipuuzi, maana kichupa kikiachwa wazi hewa yetu huviharibu kabla ya tarehe iliyoandikwa.

Kilichotufikisha mwisho wa subira kilikuwa mwezi wa Ramadhani. Daktari alimshauri mama asifunge, naye akafunga, kama wafanyavyo wazee wengi wa pwani baada ya kusikiliza kwa adabu. Walichokubaliana ni kwamba atapima mara kwa mara, kwa kuwa kujitoboa kidole kupima hakubatilishi saumu, na kwamba atafungua papo hapo sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.7. Mipaka hiyo si ya daktari wetu peke yake. Ndiyo inayofuatwa katika miongozo ya kimataifa ya kisukari na Ramadhani. Jioni moja, futari ikiwa karibu kuwa tayari na jua likiwa bado halijatua, mashine ilionyesha 17.4. Mama akafungua kama alivyoahidi, akanywa maji, na akaketi kimya huku machozi yakimtoka, kwani hakuwa akijisikia mgonjwa hata kidogo na aliona ameiacha saumu ya siku nzima mlangoni.

Kliniki iliyofuata alipimwa kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa takriban miezi mitatu, na jibu likawa asilimia 7.1. Asilimia 7 ya kipimo hicho hulingana na wastani wa karibu 8.6, na mtu anayeshinda jioni zake kwenye 15 hafiki hapo kwa urahisi. Kipimo hicho nacho kina kasoro zake, hasa kwa wenye upungufu wa damu au selimundu, lakini mama hana hayo. Daktari alikuwa ameshalifungua daftari na kuanza kuzungumzia kuongeza yuniti za insulini ya jioni. Muuguzi aliyekuwa ameketi pembeni, dada mmoja mtaratibu, ndiye aliyeuliza swali ambalo sisi sote hatukuwa tumeliuliza.

"Mama, hebu nielekeze. Kabla hujajitoboa kidole unafanyaje?"

"Napaka ile dawa ya mikono, mwanangu. Siwezi kupima na uchafu."

"Na kabla ya kupaka hiyo dawa, mikono ilikuwa inafanya kazi gani?"

"Mikono yangu? Ilikuwa jikoni. Nani mwingine atawapikia hawa?"

Muuguzi akacheka, kisha akauliza jikoni alikuwa akishika nini. Jibu lilikuwa ni futari yote. Mama huchambua tende mwenyewe, anazipasua kwa dole gumba, anatoa kokwa na kuzipanga kwenye sahani, kwa sababu hapendi mgeni aume kokwa. Akimaliza hapo humenya machungwa ya Muheza na kukata tikiti. Vidole vyake saa hiyo hunata kiasi cha kushikana, na juu ya unato huo ndipo alipokuwa akipaka kitakasa.

Pombe iliyomo katika kitakasa huua vijidudu, na kwa kazi hiyo sina ugomvi nayo. Lakini sukari si kijidudu. Haiuliwi, na katika pombe kali huyeyuka kwa shida. Hata ile kidogo inayoyeyuka haina pa kwenda: kitakasa hakisuuzwi, kinaachwa kikauke, na kinapokauka kinachopaa ni pombe na maji, huku sukari ikibaki pale pale kwenye ngozi, safari hii ikiwa imesambazwa vizuri hadi kwenye ncha ya kila kidole. Maji yanayotiririka huichukua sukari na kuondoka nayo, na hiyo ndiyo tofauti yote.

Nilidhani mwanzoni kwamba muuguzi anakuza mambo, kwamba unato mdogo wa tende hauwezi kuibadilisha damu ya mtu. Hesabu ndiyo iliyonishawishi. Kwa mtu mwenye sukari ya 5.5, lita nzima ya damu ina takriban gramu 1 tu ya glukosi. Mashine nyingi za leo hutumia tone lisilozidi mikrolita 1, yaani sehemu moja ya milioni ya lita, kwa hiyo glukosi iliyomo ndani ya tone hilo ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Kiasi kingine kama hicho kikiwa juu ya kidole, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona wala ulimi kukionja, namba inakuwa imeongezeka maradufu. Baada ya hapo sikushangaa tena kwa nini 8 iligeuka 17. Nilishangaa kwa nini haikuwa 30.

Wala si jambo lililogunduliwa na muuguzi wa Tanga. Mwaka 2011 watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya jaribio ambalo watu walimenya matunda, yakiwemo machungwa na zabibu, kisha wakapimwa sukari kidoleni. Waliopimwa bila kunawa walipata namba za juu zisizo za kweli, na waliofutwa kidole kwa pamba yenye spiriti nao bado walipata namba za juu. Walionawa kwa maji ya bomba namba zao zilikuwa sawa. Mwaka huo huo watafiti wa Uholanzi walifikia ushauri unaofanana na huo: nawa kwa sabuni na maji, kausha, na tumia tone la kwanza.

Tuliporudi nyumbani mama hakuridhika na maelezo, akataka kuona. Baada ya futari alichambua tende chache, akapaka kitakasa kwa ukarimu, akasubiri kikauke kabisa, akatoboa kidole cha pete. Mashine ikasema 16.8. Hakuongeza neno. Aliinuka kwa magoti yake, akaenda kwenye ndoo ya bomba, akanawa kwa sabuni ya kipande akisugua ncha za vidole moja baada ya nyingine, akajifuta kwa taulo kavu, akatoboa kidole cha jirani. 8.3. Aliitazama mashine, akaitazama chupa, akasema, "Kumbe nilikuwa napima tende." Kisha akamkumbusha ndugu yangu yale maneno ya kula kwa siri, na hiyo jioni ndugu yangu ndiye aliyeosha vyombo.

Namba za chini za alasiri zilichukua muda zaidi kueleweka, na ufunguo wake ulikuwa katika udhu. Mama hupima alfajiri baada ya swala, mikono ikiwa imetoka kwenye udhu na imekauka, na hapo namba zilikuwa za kuaminika bila yeye kujua sababu. Lakini alasiri alikuwa na haraka. Alitawadha, akapima kwanza, ndipo akaswali, na maji ya udhu hapendi kuyafuta. Kidole kikiwa bado kibichi, tone la damu huchanganyika na maji, likapungua nguvu kama chai iliyoongezwa maji, na namba ikashuka. Kwa hiyo mikono ile ile ya mtu yule yule ilikuwa ikidanganya pande zote mbili, juu jioni na chini alasiri, na daftari likatuonyesha mgonjwa ambaye hayupo. Kitakasa kisichokauka kina athari ya namna hii hii, kwa kuwa nacho ni kimiminika, na juu ya ngozi yenye pombe mbichi damu hutawanyika badala ya kusimama kama shanga, kipande kikafyonza tone pungufu au kikaleta alama ya kosa.

Kati ya yote, hatari kubwa zaidi naiona katika mchanganyiko wa makosa hayo wakati sukari imeshuka kweli. Utaratibu unaofundishwa ni kumpa mgonjwa gramu 15 za sukari inayofyonzwa haraka, kusubiri dakika 15, kisha kupima tena. Kwetu sukari hiyo mara nyingi ni glukosi ya unga ya kopo, na anayeshuka sukari mikono inatetemeka, unga unamwagika, vidole vinakuwa vyeupe. Ukimpima dakika 15 baadaye kwenye kidole hicho, hata ukikipangusa kwa kitakasa, mashine itakupa namba ya juu ya kutuliza moyo wakati damu yake bado iko chini. Mgonjwa wa namna hiyo anaweza kuachwa alale. Ndiyo maana sasa unga huo tunaukoroga kwenye kikombe na anayemnywesha ni mwingine, na kipimo cha marudio hufanywa kwenye mkono ulioshwa na kukaushwa.

Hatari ya upande wa pili ndiyo ambayo daktari alikuwa akiikaribia bila kujua. Namba ya uongo ya 17 ikichukuliwa kuwa ya kweli, mtu anaongezewa insulini, na insulini haidanganyiki. Itashusha ile sukari halisi ya 8 iliyoko mwilini, pengine usiku wa manane watu wote wakiwa wamelala. Tangu hapo nyumbani kwetu namba ya ajabu hairekebishwi kwa sindano kabla ya mikono kuoshwa na kipimo kurudiwa. Nawasikia watu wakilalamika kwamba kurudia ni kuharibu vipande, na kweli vipande ni ghali, wengine wanavinunua kwa kujinyima. Lakini kipande kinachopotea zaidi ni kile kilichotumika kwenye kidole kichafu, maana hicho kimelipiwa na hakikusema kitu.

Baada ya tukio hilo nikawa na tabia ya kusoma maandishi madogo nyuma ya chupa, tabia inayowachosha wenye maduka. Vitakasa havifanani. Fomula ya Shirika la Afya Duniani, ambayo wengi waliifuata kuchanganya vitakasa mwaka 2020, ni ethanoli (ndiyo pombe yenyewe) asilimia 80, gliserini asilimia 1.45 na haidrojeni peroksaidi asilimia 0.125. Gliserini imewekwa kulinda ngozi isikauke. Yenyewe si glukosi, ingawa huacha utando unaokawia kukauka. Peroksaidi imewekwa kuua mbegu za bakteria zinazoweza kuwamo kwenye chupa, na hapa pana jambo la kujua: baadhi ya vipande vinavyotumia kimeng'enya cha glukosi oksidesi huzalisha peroksaidi hiyo hiyo katika hatua zake za kupima, kwa hiyo dawa au vitambaa vya kupangusia vyenye peroksaidi nyingi vinaweza kuivuruga baadhi ya mashine. Kwa kiasi kidogo kilichokauka sioni sababu ya hofu, lakini vile vitambaa vya kusafishia meza za hospitali si vya kufutia kidole.

Za kuangaliwa zaidi ni bidhaa za kulainisha. Siku hizi kuna vitakasa, losheni na sabuni za maji za kienyeji zinazojisifu kuwa na asali, na karibu theluthi moja ya asali ni glukosi, ambayo ndiyo hasa mashine inaitafuta. Sabuni yenye asali haina neno ikisuuzwa kwa maji ya kutosha. Losheni haisuuzwi. Mwenye kutaka kuipaka aipake baada ya kupima. Sukari ya mezani, kwa upande wake, haisomwi moja kwa moja na vipande hivi, kwa kuwa ni sukari ya aina nyingine, na mpishi wa kaimati aliyeshika sukari kavu anaweza asione mabadiliko makubwa. Ila shira iliyochemshwa na ndimu, soda na juisi zina tindikali inayoivunja sukari hiyo ikatoa glukosi, kwa hiyo unafuu huo usimlevye mtu.

Swali ambalo majirani huniuliza ni kwa nini basi hospitali wanatumia spiriti. Wanatumia hasa wanapotoa damu mshipani, kwenye kiwiko, mahali ambapo hakuna aliyemenya embe, na ambapo sindano inaingia ndani zaidi na kinga dhidi ya vijidudu ni ya lazima. Na hata hapo wanatakiwa kuiacha ikauke kabla ya kuchoma. Kidole kinachotobolewa nyumbani na mwenyewe, kwa sindano mpya, kinahitaji zaidi kuondolewa kilichoganda juu yake. Kinachonikera ni chumba cha kusubiria kliniki ambako meza ya kupimia sukari ina chupa ya kitakasa na haina maji karibu, na wagonjwa waliopanga foleni tangu alfajiri wametoka kula machungwa waliyoyanunua mlangoni. Mama sasa akifika hapo huomba maji kwanza. Mara ya kwanza walimwona msumbufu. Siku hizi pana ndoo yenye bomba na kipande cha sabuni, ingawa taulo la karatasi huisha mapema.

Maji ya kukata na kuunga tunayajua, na mtaani kwetu bomba hukaa kimya kwa siku. Kwa ajili ya hilo tulimtundikia mama kibuyu chirizi karibu na mlango wa uani, dumu dogo la lita tano lenye kitundu, ambalo hata akiwa na magoti mabaya analifikia, na maji ya kunawia vidole viwili hayazidi kikombe. Maji ya vuguvugu ni bora zaidi yanapopatikana, kwa kuwa kidole chenye joto hutoa damu bila kukamuliwa. Ukikamua sana, majimaji ya mwilini huingia kwenye tone na namba inaharibika kwa njia nyingine. Akiwa safarini, ndani ya basi la kwenda Dar es Salaam ambako hakuna cha kunawia, na akiwa hajashika tunda wala kitu kitamu, hutoboa, hulifuta tone la kwanza kwa pamba kavu na kulipima la pili. Akiwa ameshika tunda njiani, humwagia vidole maji ya chupa dirishani, hujifuta kwa ncha ya mtandio, na kitakasa alichopewa na wajukuu hukitumia kwa kazi yake, kabla ya kula na baada ya kushika noti.